Uliniuliza Kuhusu Kichwa cha Kaka

Nyumba yenye lango la bati,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua barua huanza na salamu, lakini mimi nikianza na salamu nitazunguka humo humo mpaka karatasi iishe, nawe unanijua. Kwa hiyo natanguliza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki, wala mwalimu: Kaka anavuta bangi, na nimelijua hilo tangu mwaka jana.

Haya, nimeandika. Sasa naweza kukuamkia kama mtu aliyefunzwa.

Goti lako linaendeleaje? Ulisema baridi ya huko haina adabu, inaingia bila hodi. Tafadhali usilichoshe kwa ngazi za hospitali, panda lifti hata kama wenzako watakucheka. Sisi hatujambo. Bibi macho yake yanapungua lakini masikio yanaongezeka, hakuna linalosemwa nyumba hii likampita. Baba ana kazi ya madawati ya shule, anapiga chafya za vumbi la mbao kutwa. Mama ni mzima, ingawa ana ugomvi na chai, nami ndiye ninayejua sababu. Nitakufikisha huko.

Katika barua yako uliniuliza swali moja, ukaliweka katikati ya habari za mvua kama mtu anayemfichia mtoto kidonge ndani ya ndizi: je, Kaka bado ana kichwa kile kile? Ukasema mfamasia wa hapo kwenu anatafuta kijana wa kujifunza kazi ya stoo ya dawa, anayeonyeshwa rafu mara moja asihitaji kuonyeshwa tena, nawe umemtaja Kaka. Ukaniuliza mimi na si Baba, kwa kuwa Baba hupima mbao, watoto wake hawapimi.

Nimekaa na swali hilo tangu barua ifike. Nikijibu ndiyo, nitakuwa nimekudanganya. Nikijibu hapana, huenda nikamfungia Kaka mlango ambao hautabishwa tena. Nimeona afadhali nikueleze yote, uamue wewe.

Ulipoondoka Kaka alikuwa bado shuleni, kwa hiyo hukumwona akiwa kazini. Alipomaliza alipata kazi ya uhudumu kwenye mgahawa wa karibu na mahakama. Mwenye mgahawa, ambaye wateja humwita Mama Sufuria, hataki kuona mhudumu mwenye kalamu. Husema anayeandika chai mbili atahitaji ramani ya kufika jikoni. Basi Kaka alikuwa anazunguka meza zote, anasikiliza, halafu anasimama kwenye dirisha la jikoni na kuyamwaga bila kupumua: meza ya mlangoni supu moja bila pilipili na mkate, dirishani mayai mawili, moja lisiive sana, bwana wa kofia yale yale ya jana. Wateja walikuwa wanambadilishia makusudi, wanaagiza, wanaghairi, wanarudia, ili wamtegue. Hakuteguka. Ndipo wakambandika jina la Kaseti. Mimi kaseti sijawahi kuitumia, Baba ndiye aliyenieleza ni nini.

Nilianza kuona tofauti kwa mambo madogo ya nyumbani. Anaingia chumbani, anasimama, anatoka. Anakuhadithia kisa, kesho anakuhadithia tena na kukucheka kwa kuwa hucheki. Kazini alianza kusimama katikati ya mgahawa na sinia mkononi, akilitazama kama limeachwa hapo na mtu mwingine. Wateja ni watu wasio na huruma. Mmoja akauliza, "Kaseti, redio imekula mkanda?" Mwenzake akamjibu, "Mpeni penseli auzungushe." Mgahawa mzima ukacheka, Kaka naye akacheka. Nilikuwa nimempelekea ufunguo wa nyumba siku hiyo, nikamwona alivyocheka. Ni mdomo tu uliocheka.

Kuhusu bangi yenyewe, sikumvizia. Nilikwenda kuanua nguo nyuma ya tangi la maji, nikamkuta. Hakukimbia. Aliniambia amesimama tangu alfajiri, miguu inawaka, na bila hiyo hapati usingizi. Akaniambia pia kwamba alionja mara ya kwanza akiwa bado na sare ya shule, kwa wale wanaosafisha vyombo nyuma ya mgahawa, alipokuwa akienda huko kusaidia siku za likizo. Akaniomba nisimwambie Mama. Mimi ni mtu wa kukaa kimya hata pasipo kuombwa, kwa hiyo ilikuwa rahisi kwangu. Urahisi huo ndio unaonisumbua.

Sasa ugomvi wa Mama na chai. Fundi viatu wa pale kona alimwona Kaka mara kadhaa, na kwa kuwa ni mstaarabu hakutaka kulitaja jambo kwa jina lake. Akamwambia Mama kwa heshima kwamba kijana wake anamalizwa na majani. Mama alishukuru, akarudi nyumbani, akachukua kopo la majani ya chai akalipandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Akatutangazia kwamba huko mgahawani Kaka anakunywa chai nzito kutwa nzima na imempanda kichwani, basi angalau hapa nyumbani ipungue. Tangu siku hiyo tunakunywa kitu ambacho Baba anasema ni maji yaliyosikia habari za chai. Bibi analalamika kila asubuhi. Nami nilikuwa nimekaa pale pale mezani, najua fundi viatu alisema majani gani, nikapuliza kikombe changu na kunywa.

Ningeendelea kupuliza vikombe, Shangazi, kama si fundi saa.

Fundi saa ana meza yake ya kazi kando ya mgahawa, na chakula cha mchana hula hapo kila siku. Karanga hazipatani naye. Akila hata chembe, midomo inavimba na koo linabana. Mama Sufuria huzisaga na kuzitia kwenye mboga, kwa hiyo fundi saa hupikiwa za kwake kwenye sufuria ndogo, na mtu wa kumkumbusha mpishi ni mhudumu wake, yaani Kaka. Tangu aanze kazi alikuwa hajakosea. Mwezi uliopita mboga za fundi saa zilikuja na karanga. Alikula tonge la kwanza, akaweka kijiko chini, akaanza kujishika shingo. Bwana wa kofia alimpakia kwenye gari lake akamkimbiza zahanati. Alipona, Mungu ni mwema, ingawa alirudi kazini akiwa na uso kama wa mtu aliyepigana na nyuki.

Mama Sufuria hakumfukuza Kaka. Alimwondoa mezani, akamweka kwenye kufuta meza na kuosha vikombe, akasema mkanda ukirudi naye atarudi. Fundi saa naye alimsamehe mbele za watu, lakini siku hizi huifuata sahani yake hadi dirisha la jikoni na kumuuliza mpishi mwenyewe.

Hapo ndipo lile swali lako liliponikuta. Kama ni karanga leo, je, ikiwa ni dawa?

Nilitaka kujua kabla ya kukuandikia, si kukisia. Mwalimu wetu wa biolojia tunamwita Hadubini, maana humwangalia mwanafunzi kama ametandazwa kwenye kioo. Darasani nisingethubutu kuuliza. Nilimwandikia swali kwenye karatasi nikasingizia kwamba ni la mdahalo. Alisoma, akaniuliza kama mdahalo huo una jina la mtu. Nikasema hapana. Hakunibana. Akafungua kabati lake akanipa kitabu, nikakisoma maktaba wakati wenzangu wakiwa uwanjani. Wewe ni muuguzi, huenda unayajua yote haya kuliko mimi, lakini naomba unisomee na unisahihishe.

Kitabu kinasema ndani ya ubongo, karibu na sikio, kuna sehemu iliyojikunja ambayo kazi yake ni kuyapokea mambo mapya na kuyapeleka yakahifadhiwe. Nilivyoelewa mimi, ni kama mhudumu kati ya meza na jikoni. Ubongo wenyewe hutengeneza kemikali kidogo kidogo za kutuliza mazungumzo ya chembe hai zake, kama mtu anayepunguza sauti ya redio. Ndani ya bangi kuna kitu kinachofanana na kemikali hizo, kinaitwa THC, na kinakaa kwenye viti vile vile ambavyo kemikali hizo hukalia kwenye chembe hai. Ila hakiji kwa kipimo. Kinajaza viti vyote, redio inazimwa kabisa, na mhudumu anafika jikoni bila agizo.

Ndiyo maana, Shangazi, yale ya zamani hajayasahau. Ukimuuliza leo ulivaa nini siku ya kuondoka atakutajia mpaka rangi ya kilemba, kwa sababu hayo yalishafika jikoni zamani. Yanayopotea ni ya asubuhi hii. Mimi nilikuwa nikidhani anatudharau, kumbe mengi tuliyomwambia hayakuingia.

Jingine ni umri. Ubongo hauishi kujengwa pale mtu anapoacha kurefuka, huendelea mpaka miaka ya ishirini na kitu, na wanaoanza kuvuta wakiwa wadogo na kuvuta mara kwa mara ndio huonekana kuumia zaidi. Kaka ana kumi na tisa. Kitabu kimesema pia kwamba kwa baadhi ya watu, hasa ambao ugonjwa wa akili umo katika ukoo, bangi inaweza kuufungulia njia. Hapo nilikifunga kitabu kidogo, kisha nikakifungua tena.

Lile bango la kwenye korido ya shule linasema bangi huua ubongo. Nilimuuliza Hadubini, akajibu kwamba bango lina haraka. Watu wengi wakiacha, kumbukumbu huanza kurudi baada ya wiki kadhaa. Kwa walioanza mapema na kuvuta sana, wataalamu wenyewe hawakubaliani kama hurudi yote. Nilimwuliza kwa nini hawajui. Akasema kwa sababu ubongo haukatwi ukatazamwa wakati mwenyewe bado anautumia. Nadhani ulikuwa utani, lakini kwake huwezi kuwa na hakika.

Juzi nilimfuata Kaka mgahawani saa ambayo wateja wa mchana wameshaondoka. Alikuwa anafuta meza. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njia nzima, na nilipofika nikaona yote yamenikimbia, nikabaki na la kitabu tu. Nikamwambia nilichosoma. Hakunikatiza. Alifuta meza ile ile mpaka ikang'aa.

Kisha akaniuliza, "Hicho kitabu chako kimewahi kusimama kutwa na sinia?"

Nikasema hakijawahi.

"Basi."

Ningenyamaza hapo, ndiyo desturi yangu. Lakini fundi saa alikuwa anaonekana dirishani, ameinama na kioo chake jichoni, na shingo yake nilikuwa naiona. Niliangalia upande ule. Kaka naye akaangalia. Akakikunja kitambaa mara nyingi kuliko inavyohitajika.

"Zinarudi?" akaniuliza. Alikuwa na maana ya kumbukumbu.

Nikamjibu kama Hadubini alivyonijibu: kwa wengi, ndiyo, baada ya wiki kadhaa, na kwa walioanza mapema hawana hakika. Nilitamani sana kusema ndiyo peke yake.

Akacheka kidogo. "Kitabu kizima, halafu hakijui."

Halafu akaniambia kitu nilichokuwa sikijui. Baada ya fundi saa kuugua alijaribu kuacha. Hakulala, alitoka jasho, chakula kilimshinda, na kila mtu alimuudhi, pamoja na mimi na kurasa zangu zinazogeuzwa. Aliona kama kuacha ndiko kunakomharibu, akarudia. Nilimwambia kitabu kinayataja hayo hayo, usingizi, jasho na hasira, na kwamba huwa mabaya zaidi siku za kwanza kisha hupungua. Akasema, "Mtu angeniambia mapema." Mtu huyo angeweza kuwa mimi.

Basi jibu langu ni hili, Shangazi. Hapana, kichwa chake si kile kile kwa sasa. Asikabidhiwe dawa za watu. Lakini sikuombi umfute. Nakuomba, kama mfamasia anaweza kungoja, nafasi hiyo imngoje. Na kama haiwezi kungoja, basi umwambie Kaka mwenyewe kwa nini, kwa barua yake, na si kupitia kwangu wala kwa Baba. Anaweza kustahimili kuambiwa. Kuchekwa ndiko kunakommaliza.

Bibi anakuombea na anasema goti ulipake mafuta ya moto. Baba anakusalimu, anauliza huko wanatumia mbao gani kwa milango. Mama anakusalimu sana na anataka picha yako ukiwa umevaa koti lile la baridi. Msalimie mumeo na wale mapacha, waambie dada yao anakuja kuwafundisha kusoma wakimaliza kung'ata vitabu.

Jumanne.

Nilikuwa nimeshamaliza, lakini barua imeongezeka.

Jumapili ile ile Kaka aliingia chumbani akanikuta naandika. Akauliza ni kwa nani, nikamwambia. Akauliza kama yumo, nikamwambia yumo. Nilimsomea sehemu ya fundi saa tu.

Akasema nimekosea. "Hakuna mahali umesema nilikumbuka. Nilikumbuka. Nilimwona anakaa nikajiambia, huyu bila karanga. Nikaenda. Nilipofika dirishani nikaona kama nimeshamwambia mpishi." Kisha akaongeza, "Kusahau si kitu, mtu unauliza. Ubaya ni pale unapokumbuka kitu ambacho hukukifanya." Akaniambia nikuandikie hivyo hivyo, kwa sababu wewe unafanya kazi na dawa, utaelewa.

Jana jioni alimwambia Mama, yeye mwenyewe. Alikwenda jikoni Mama alikokuwa akimenya viazi, nami nikasimama mlangoni, kwa kuwa aliniomba nisiende mbali. Alilitaja kwa jina lake. Mama aliendelea kumenya kiazi mpaka kikabaki kidogo kama yai la njiwa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa hiyo chai haina kosa?" Kaka akasema haina. Mama akaweka kisu chini akalia, kisha akamuuliza kama amekula. Baba ataambiwa mwisho wa wiki, baada ya madawati kupelekwa. Nadhani Bibi ameshajua.

Leo baada ya shule nilikwenda na Kaka zahanati. Nilikaa kwenye benchi la nje. Alikaa ndani muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipotoka alisema muuguzi hakumgombeza, alimuuliza tu maswali na kumpangia siku ya kurudi. Muuguzi amesema usingizi utakuwa mgumu, wala asipambane nao peke yake. Tukiwa njiani aliniomba nimsikilize akiyarudia maneno ya muuguzi aliyonisimulia pale mlangoni, aone kama ameyashika. Ameyashika yote isipokuwa siku ya kurudi. Ni Alhamisi.

Bado hajaisoma barua hii, wala hajui nilichokuomba kuhusu nafasi. Nimefikiri sana kama niitume kimya kimya, na nimeona kwamba kimya changu kimeshafanya kazi ya kutosha. Kwa hiyo nikishatia sahihi hapa chini nitampa kurasa zote, aanze juu aishie chini, pamoja na bahasha na stempu. Nimemwambia aifunge yeye na aipeleke posta yeye, na kama hakubaliani nayo aichane, sitamuuliza. Ikiwa unaisoma, Shangazi, basi ujue ni yeye aliyeifunga.

Mungu akupe miguu mizima na mioyo laini kazini kwako, na akurudishe kwetu tukiwa wote tunajuana.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,
Kimya